Motakaa ya Kwanza Kukata Bara la Afrika, na Vichwa Vilivyobeba Petroli Yake

Leo tumekusudia kuwasimulia habari za motakaa ya kwanza iliyokata bara la Afrika, kutoka bahari ya mashariki mpaka bahari ya magharibi. Jina hili la motakaa tumelichagua kwa makusudi, maana ndilo walilolitumia wazee wetu kabla watu hawajazoea kusema gari. Habari yenyewe imekwisha kuandikwa na Wazungu mara nyingi, nayo husimuliwa kuwa ni sifa ya chombo na ya mwenye chombo. Sisi wa Mikindani, ambao njia ya miguu ya kwenda Nyasa ilianzia ufukoni kwetu, twaitazama kwa jicho jingine kidogo.

Mwenye motakaa alikuwa Mjerumani, jina lake Paul Graetz, aliyezaliwa mwaka 1875, naye alikuwa afisa wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii wakati walipokuwa wakiitawala. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba chombo chenye injini chaweza kupita Afrika nzima, pwani mpaka pwani. Kiwanda kimoja cha mji wa Gaggenau, kusini mwa Ujerumani, kikamtengenezea gari la namna ya peke yake. Tumbo lake liliinuliwa kiasi cha sentimeta 35 kutoka ardhini, lisije likakwaruzwa na mawe na visiki, tena lilipewa nafasi ya kuchukua petroli, maji na vyombo vya ufundi. Graetz alilitumainia gari hilo kama nahodha anavyolitumainia jahazi ambalo ameliona likiundwa ubao kwa ubao.

Tarehe 10 Agosti, 1907, aliondoka Dar es Salaam. Wakati huo reli ya kati ilikuwa haijafunguliwa hata mpaka Morogoro. Ilifunguliwa mpaka huko mwezi Desemba wa mwaka ule ule. Alielekea Morogoro na Mpwapwa, akapita nchi za kati mpaka Tabora, kisha akageuka kusini hata ncha ya Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo aliingia nchi ambayo leo ni Zambia, akavuka mto Zambezi, akapita Bulawayo na Johannesburg, akaingia katika mchanga wa Kalahari, akatokea Windhoek. Tarehe 1 Mei, 1909, alifika Swakopmund, bandari iliyoko pwani ya Atlantiki katika nchi iitwayo leo Namibia. Safari ilikuwa imechukua siku 630, na njia ilikuwa ya kilometa 9,500 hivi.

Sasa wanafunzi na watwae ubao, wafanye hesabu. Gawanyeni kilometa 9,500 kwa siku 630. Mtapata kilometa 15 kwa siku, na mabaki kidogo. Waulizeni wanaojua habari za misafara ya zamani: mpagazi aliyebeba mzigo wake, akaondoka alfajiri na kutua adhuhuri, alikwenda mwendo gani kwa siku? Watawaambia kilometa 15, na siku njema 20. Basi motakaa ile ya ajabu, tukihesabu siku zote kutoka kuondoka mpaka kufika, ilikwenda kwa mwendo wa mpagazi, na pengine mpagazi angeitangulia.

Haya hatuyasemi kwa kumdhihaki Graetz. Mahali palipokuwa na ardhi kavu na tambarare gari lake lilipita kwa saa moja mwendo ambao mpagazi aliutembea kutwa. Lakini siku nyingi gari halikwenda kabisa. Lilisimama kungoja njia ikatwe, likasimama kungoja vyombo vya injini vipya baada ya vile vya kwanza kuharibika, na vyombo hivyo vilikuwa havipatikani mahali pengine ila Ujerumani, ng'ambo ya bahari. Likasimama pia kwa sababu ya petroli. Hayo mawili, njia na petroli, ndiyo tunayotaka kuyaeleza zaidi, maana katika hayo ndimo walimo watu wetu.

Tuanze na njia. Ili kuifahamu shida ya njia, yafaa tuondoke kidogo katika habari ya motakaa na kurudi nyuma miaka 41, hapa hapa Mikindani. Mwezi Machi 1866 Dakta David Livingstone alikuja kutoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akitaka kuingia bara kwa mto Ruvuma. Alipofika mlangoni mwa mto aliona matope na mikoko, wala hapakuwa na mahali pa kuteremshia wanyama wake, basi manowari ikamleta katika ghuba ya Mikindani, akashuka tarehe 24 Machi. Iko nyumba mjini kwetu yenye kibao kinachosema kwamba ndipo alipokaa, na wageni huipiga picha. Sisi hatutaki kuwanyima wageni furaha yao.

Jambo la kutazama ni wale wanyama. Livingstone alileta ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India watatu pamoja na ndama wao, nyumbu wawili na punda wanne. Kwa nini? Kwa sababu alitaka kujaribu kama wanyama waweza kuchukua mizigo badala ya watu, na kama wataweza kuishi katika nchi yenye mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba fikira ile ile ya Graetz, yaani kupata chombo cha kumwondolea mwanadamu mzigo kichwani, ilijaribiwa kwanza katika njia itokayo Mikindani, ila chombo kilikuwa na miguu minne.

Msafara ulipoanza kupanda kuelekea nchi ya Wamakonde, ngamia walikwama mara moja. Njia ilikuwa nzuri, imekanyagwa na watu miaka mingi, lakini ilikuwa ya kadiri ya mtu. Mtu mwenye mzigo kichwani huinama akapita chini ya tawi. Ngamia mwenye mizigo ubavuni hawezi. Ikawa lazima kuajiri Wamakonde wenye mashoka na mundu watangulie mbele wakifyeka, na Livingstone mwenyewe ameandika kwa kuwasifu jinsi walivyofanya kazi hiyo kwa moyo. Ngamia hawakuwafaa kitu Wamakonde. Wamakonde ndio waliowafaa ngamia.

Wanyama hawakudumu. Wengine waliumwa na mbung'o, na askari wa Kihindi waliopewa kazi ya kuwachunga waliwapakia mizigo kupita kiasi na kuwapiga vibaya, hata miili yao ikajaa vidonda. Wakaanza kufa mmoja mmoja njiani. Livingstone alipofika Ziwa Nyasa tarehe 8 Agosti, 1866, jaribio lilikuwa limekwisha kushindwa, na mizigo ilikuwa imerudi pale pale ilipokuwa tangu zamani, juu ya vichwa vya watu.

Turudi sasa kwa Graetz na njia yake. Motakaa hutaka upana kuliko ngamia. Magurudumu manne hayawezi kufuatana kama watu katika msafara. Hutaka njia ya mikono kadha kwa upana, isiyo na visiki, na kila kijito kidogo ambacho mtu hukiruka huwa ni shimo la kuvunjia gari. Basi popote ilipopita motakaa ile nje ya barabara chache za serikali, watu walitangulia na mashoka na majembe. Palipokuwa na mto, walikata miti wakafanya daraja au chelezo. Palipokuwa na mchanga au mlima, walifunga kamba, wakavuta. Picha za safari hiyo zipo, nanyi mkipata kuziona mtawaona watu wameshika kamba, na gari limekaa nyuma yao kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani.

Petroli ilikuwa shida kubwa zaidi. Leo dereva husimama kituoni, akalipa, akaenda zake. Mwaka 1907 sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na kituo wala duka la petroli. Ilikuwa lazima petroli itangulie, iwekwe akiba mahali mahali penye njia, ndipo motakaa ipate kwenda kutoka akiba mpaka akiba. Nani aliyeitanguliza? Wapagazi, tena kwa miguu.

Tufikirini kidogo hesabu yake, maana watu wengi hawajapata kuifikiri. Debe la petroli la zamani, lile ambalo bibi zetu walilichotea maji na wauza nafaka hupimia hata leo, lilikuwa la lita 18. Madebe mawili yaliwekwa katika kasha moja la mbao. Uzito wa kasha lililojaa ni karibu kilo 30, na hiyo ndiyo kadiri ya mzigo wa mpagazi mmoja, yaani karibu na frasila mbili. Tukichukulia kwamba gari zito, katika njia mbaya, lanywa lita 30 kwa kila kilometa 100, safari nzima yataka lita 2,850, yaani makasha 80 hivi, na kila kasha ni kichwa cha mtu.

Wala hesabu haiishi hapo. Kasha likipelekwa mahali pa mwendo wa siku 30 kutoka pwani, mpagazi huenda siku 30 na kurudi siku 30. Kila siku atakula nafaka kiasi cha kilo moja. Jumla ni kilo 60, nao ni uzito wa mizigo miwili kama ule alioubeba. Kwa hiyo mpagazi hawezi kuchukua petroli na chakula chake pamoja. Lazima ale katika vijiji vya njiani, na vijiji viwe na chakula cha kuuza. Ndiyo maana twasema kwamba motakaa haikuishi kwa petroli peke yake. Iliishi kwa mtama na mahindi ya wanakijiji ambao pengine hawakuiona hata mara moja.

Na mwaka ule wa 1907, ghala za nchi yetu zilikuwaje? Vita vya Maji Maji vilivyoanza katika Umatumbi mwezi Julai 1905 vilikuwa vimetoka kwisha. Wajerumani waliwashinda wenyeji kwa bunduki, lakini zaidi kwa njaa, maana walichoma mashamba na vyakula vilivyowekwa akiba. Waliokufa katika vita na katika njaa iliyofuata wahesabiwa na wataalamu kuwa si chini ya 75,000, na wengine husema zaidi sana ya hao. Njia ya Graetz haikupita katika nchi za kusini zilizoharibiwa zaidi. Lakini yafaa msikilizaji ajue kwamba siku zile watu wa Ulaya walipokuwa wakisoma magazetini habari za motakaa katika Afrika, huku kusini watu walikuwa wakichimba mizizi porini.

Graetz aliandika kitabu cha safari yake kikatolewa mwaka 1910, naye akapata sifa. Miaka ya 1911 na 1912 alilikata bara tena, safari hii kutoka mashariki kwa mashua yenye injini. Mkitazama ramani mtacheka: hapana mto unaotoka Ziwa Nyasa kwenda mito ya Kongo, basi ile mashua ilibidi kuvutwa juu ya nchi kavu. Waliovuta hatuna haja ya kuwataja kazi yao, mmekwisha kuwajua.

Lakini majina yao ndiyo tunayoyataka, nayo hayajulikani. Hapa ndipo tunapouona msiba wa habari hii. Jina la dereva twalijua, jina la kiwanda twalijua, hata kimo cha tumbo la gari twakijua kwa sentimeta. Wale waliobeba makasha wamebaki kuitwa wapagazi tu. Hata katika habari za Livingstone, majina ya Abdullah Susi na James Chuma yamejulikana kwa sababu moja kubwa: alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, wao na wenzao waliukausha mwili wake na kuuchukua mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500. Chuma alikuwa Myao, na ni mmoja wa wale walioshuka Mikindani siku ile ya Machi 1866. Ikiwa mpagazi ilimpasa kubeba maiti ya bwana mkubwa ndipo jina lake liandikwe, si ajabu kwamba waliobeba petroli wamesahauliwa.

Watu wengi hudhani kwamba motakaa zilipozidi, upagazi ulikwisha. Kweli ni kwamba kwanza ulizidi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika huku, Waingereza walishika Mikindani na Lindi mwezi Septemba 1916, nao walileta motakaa nyingi, nyingine nyepesi na nyingine za mizigo. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o kama walivyokufa nyati wa Livingstone. Motakaa hazikuumwa na mbung'o, lakini mvua za mwaka 1917 zilipoanza njia zikawa matope, zikazama mpaka ekseli. Basi jeshi likarudi kwa watu. Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita ile katika Afrika ya Mashariki walikuwa malaki, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Kule Dar es Salaam mahali walipokusanywa paliitwa Kariakoo, kwa jina la Kiingereza la kikosi chao, na leo ni soko. Mwezi Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani yalivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na wapagazi wakavuka nao.

Baada ya vita watu wengine walijaribu safari ndefu za motakaa. Iliyotangaa zaidi ni ile ya Court Treatt, Mwingereza, na mkewe Stella na wenzao, waliotoka Cape Town mwezi Septemba 1924 kwa motakaa mbili za Crossley, wakafika Cairo mwezi Januari 1926. Ni miezi 16. Kwa kadiri tulivyosoma, shida zao zilikuwa zile zile, yaani mvua, matope na mito, na waliowatoa matopeni walikuwa wanavijiji wa mahali walipokwama.

Sisi wa kusini tulikawia kuonja raha ya barabara. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, gari la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikuwa linakwenda kwa rehema ya mto Rufiji na mvua. Kiangazi lilipita kwa vumbi mpaka Ndundu, likangoja pantoni. Masika likakaa nyumbani, na mwenye haraka akatafuta meli. Sisi tuliokuwa shuleni zamani zile twakumbuka jinsi Land Rover ilivyoheshimiwa kijijini. Haikuwa kwa uzuri wake, maana ilitikisa mtu mpaka meno. Iliheshimiwa kwa sababu ilirudi. Dereva wake alichukua koleo, kamba, mbao mbili na panga, akachukua na utingo wawili wenye mikono yenye nguvu. Huyo alikuwa amekwisha kufahamu mambo ambayo Graetz alijifunza kwa siku 630.

Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, urefu wake meta 970. Mwaka 2010 likafunguliwa daraja la Umoja juu ya Ruvuma, la meta 720, kati ya nchi yetu na Msumbiji, mahali Livingstone alipopita alipokuwa akifuata mto kwenda juu. Lami nayo ilisogea kidogo kidogo, mpaka ikawa basi linaloondoka Mtwara alfajiri hufika Dar es Salaam kabla ya siku kwisha. Abiria hulala usingizi njia yote, na kijana aliyeketi dirishani hajui kwamba vilima vile vya Lindi na Kilwa vilikuwa vikipandwa na watu wenye frasila mbili kichwani.

Mapema Mei 2024, mvua kubwa pamoja na kimbunga kilichoitwa Hidaya zilivunja barabara hiyo katika wilaya ya Kilwa, karibu na Somanga. Maji yaliondoa tuta, na lami ikaning'inia hewani. Magari ya kila namna, mapya na makuukuu, yalisimama pande zote mbili, mengine siku kadha. Madereva wakazima injini, wakashuka, wakaanza kuuliza chakula kinapatikana kijiji gani.